Shajara ya mradi: kuutafuta mpaka kati ya mistari ya ugasumaku iliyo wazi na iliyofungwa

Jumamosi, 11 Januari 2025: swali, data na gharama ya kuanzia

Mradi huu unafanywa na watu wawili jijini Nairobi, kwa kompyuta ya kawaida na data zinazotolewa bure, na unahusu eneo la dunia ambalo hakuna kati yetu aliyelikaribia. Tunataka kujua, kila setilaiti inapopita karibu na ncha ya dunia, ni wapi hasa inapotoka kwenye mistari ya ugasumaku (mistari ya kuwaziwa inayoonyesha mwelekeo wa nguvu ya sumaku ya dunia) iliyofungwa na kuingia kwenye iliyo wazi. Shajara inaandikwa ili atakayeirudia kazi hii asilipe upya gharama tulizokwisha kuzilipa.

Mstari uliofungwa una miguu yote miwili duniani: hutoka kizio cha kusini, hupinda angani na kurudi kizio cha kaskazini. Mstari ulio wazi una mguu mmoja tu duniani, na upande wake wa pili umeunganika na uga unaobebwa na upepo wa jua, yaani mtiririko wa chembe zenye chaji kutoka kwenye jua. James Dungey alieleza mwaka 1961 jinsi hali hiyo inavyotokea. Uga wa upepo wa jua ukielekea kusini hukutana na uga wa dunia upande wa mchana, mistari hukatika na kuungana upya ikiwa wazi, huburutwa juu ya ncha hadi kwenye mkia wa magnetosfia, eneo la anga linalotawaliwa na uga wa dunia, na huko hukutana tena na kufungwa. Kufunguka na kufungwa huko hakuendi kwa kasi moja, kwa hiyo eneo la mistari iliyo wazi hujaa na kupwa kama maji ya pwani, na mpaka wake huweza kuhama nyuzi kadhaa za latitudo ndani ya saa chache.

Ugumu wa kazi ni kwamba hakuna chombo kinachopima uwazi wa mstari. Kinachopimika ni chembe zinazoshuka kwenye mstari huo, au mikondo ya umeme, au mwangwi wa redio, na mpaka hukisiwa kutokana na vitu hivyo. Tumeanza na chembe. Setilaiti za DMSP, mpango wa hali ya hewa wa jeshi la Marekani, hasa F16, F17 na F18, huruka kwenye kimo cha takriban kilomita 840 na kukamilisha mzunguko mmoja kwa dakika zipatazo 102. Kila moja ina kipimo kiitwacho SSJ/5, ambacho kila sekunde huhesabu elektroni na ioni zenye nishati kati ya elektroni-volti 30 na 30,000. Siku tuliyoichagua ni 17 Machi 2015, siku ya dhoruba kubwa ya kisumaku iliyoishusha faharasa ya Dst, inayoonyesha jinsi dhoruba inavyoudhoofisha uga wa dunia, chini ya nanotesla −200, pamoja na siku tulivu zilizoitangulia, maana njia inayofanya kazi siku ya dhoruba pekee haina faida.

Gharama hadi sasa ni diski ya nje ya terabaiti 1, shilingi 9,500 kwenye duka la Luthuli Avenue. Intaneti ya nyumbani tungeilipia hata bila mradi, na Python pamoja na maktaba zake ni bure.

Jumamosi, 1 Februari 2025: kizingiti kimoja hakitoshi

Kupakua faili, kuondoa sekunde zenye hitilafu na kubadilisha viwianishi kuwa vya kisumaku vya AACGM, mfumo unaoufuata uga wa dunia badala ya jiografia, kulikula muda, lakini hakuna la kusimulia hapo.

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi kadiri inavyowezekana. Kwa kila sekunde tulijumlisha nishati ya elektroni zinazoshuka, tukaweka kizingiti cha elektroni-volti bilioni moja kwa sentimita ya mraba kwa sekunde kwa steradiani, na kuuhesabu ukingo wa upande wa ncha wa eneo linalozidi kizingiti kuwa ndio mpaka. Hoja yake ni nzuri upande wa usiku. Kwenye mistari iliyofungwa setilaiti hukutana na elektroni za tabaka la plazma la mkiani, zenye nishati ya kiloelektroni-volti moja hadi kadhaa. Ikishavuka, hubaki mvua ya ncha tu, yaani elektroni hafifu za mamia ya elektroni-volti zinazotoka moja kwa moja kwenye upepo wa jua. Kwenye spektrogramu, mchoro wa rangi unaoonyesha wingi wa chembe kwa kila nishati na wakati, badiliko hilo huonekana kama ukuta: rangi nyekundu na njano za juu hukatika ndani ya sekunde chache, na chini hubaki utando mwembamba wa samawati.

Njia hiyo ilishindwa mahali patatu, na kila kushindwa kulitaka dawa yake.

Kwanza ni upande wa mchana, karibu na adhuhuri kwa saa ya sumaku, yaani saa inayohesabiwa kwa mkao wa mahali kisumaku kulielekea jua, ambayo 0 ni usiku wa manane na 12 ni adhuhuri. Huko, chembe nyingi kuliko zote hushuka kwenye mistari ambayo imefunguka muda mfupi uliopita, kwenye eneo jembamba liitwalo kaspi. Kwa hiyo ukingo wa ncha wa eneo lenye chembe nyingi si mpaka hata kidogo. Mpaka uko upande wa pili wa kaspi, ule unaoelekea ikweta. Kizingiti chetu kilikuwa kinaweka mpaka ndani kabisa ya eneo la wazi, na kwa kuwa namba zilizotoka zilikuwa na sura ya kawaida, hakuna onyo lolote lililojitokeza. Lililotufumbua macho ni ioni. Katika pito moja la mchana, nishati ya ioni ilianza juu, karibu na kiloelektroni-volti kadhaa, kisha ikateremka taratibu kadiri setilaiti ilivyokaribia ncha. Mteremko huo ni alama ya kaspi wakati uga wa upepo wa jua unaelekea kusini: mstari uliofunguka huburutwa kuelekea ncha, ioni za kasi hufika mapema na zile za polepole hufika mstari ukiwa umeshasogea. Mteremko wote ulikuwa upande wa ikweta wa mpaka tuliouweka, jambo ambalo haliwezekani. Sasa, kati ya saa 9 na saa 15 za sumaku, programu hutafuta mahali ambapo elektroni zilizonaswa za kiloelektroni-volti zinakatika huku ioni za upepo wa jua zikianza, na mpaka huwekwa hapo.

Pili ni siku ambazo uga wa upepo wa jua unaelekea kaskazini. Siku hizo hutokea tao za aurora, mianga ya angani inayowashwa na chembe zinazoshuka, ndani ya eneo la ncha, na wakati mwingine tao moja hulikata eneo lote katikati, umbo ambalo setilaiti ya Dynamics Explorer 1 ililipiga picha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Programu yetu ililihesabu tao kuwa sehemu ya duara la aurora na kuusukuma mpaka hadi karibu na ncha. Tumeweka kanuni ya pengo: chembe zikishuka chini ya kizingiti kwa zaidi ya sekunde 30, ambazo ni kama kilomita 200 za mwendo wa setilaiti ukipimwa ardhini, basi kinachofuata hakihesabiwi kuwa kimeungana na duara. Kanuni hii ni ya vitendo tu. Tao lenyewe huenda likawa juu ya mistari iliyofungwa iliyozungukwa na mistari iliyo wazi, na wataalamu wamelibishania jambo hilo kwa miaka mingi. Mapito ya namna hiyo tunayatia alama na kuyaweka kando.

Tatu ni protoni za nishati kubwa zinazotoka kwenye jua. Zinapofika, hupenya hata kuta za kipimo na kuinua hesabu za chaneli zote kwa pamoja, hivi kwamba eneo la ncha huonekana limejaa chembe. Dalili yake ni kwamba hesabu hazitofautiani kutoka nishati moja hadi nyingine. Kuondoa usuli, yaani hesabu za ziada zisizotokana na chembe tunazozipima, kunasaidia kiasi, lakini usuli ukiwa mkubwa kuliko ishara yenyewe, pito hilo hutupwa.

Jumamosi, 15 Februari 2025: saa tatu

Ingizo hili ni fupi, lakini mtu yeyote wa Afrika Mashariki atakayenakili kazi hii alisome. Tulipoiweka mipaka ya F17 kwenye mchoro wa saa ya sumaku, setilaiti hiyo, ambayo huvuka karibu na alfajiri na jioni (saa 6 na saa 18), ilionekana ikivuka karibu na saa 3 na saa 15. Latitudo zilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililotupoteza kwa muda, kwa sababu tulidhani kasoro iko kwenye viwianishi.

Chanzo kilikuwa faili la kati ambalo nyakati zake ziliandikwa bila kutaja kanda ya saa. Kompyuta imewekwa saa ya Nairobi, kwa hiyo programu ilizisoma kama saa za hapa na kuzirudisha nyuma saa tatu ili kupata saa ya ulimwengu, ilhali zilikuwa za ulimwengu tangu mwanzo. Latitudo ya sumaku haitegemei saa, lakini saa ya sumaku huitegemea moja kwa moja: saa tatu ni nyuzi 45 za mzunguko. Dawa ni kuandika kanda ya saa ndani ya kila faili na kuilazimisha programu ikatae wakati wowote usio na kanda. Ikiwa mchoro wako una latitudo zinazokubalika na duara lililozunguka, usihangaike na fizikia kabla ya kuikagua saa.

Jumamosi, 15 Machi 2025: kuchora kwa mkono

Kabla ya kuipima programu ilitubidi tujue binadamu wenyewe wanakubaliana kiasi gani. Tulichapisha spektrogramu za rangi kwenye saiba, shilingi 30 kwa ukurasa, na hii ndiyo gharama iliyotuuma kuliko zote, maana nyeusi na nyeupe haifai kitu kwa kazi hii. Kila mtu alichora mpaka kwa penseli peke yake bila kuona karatasi za mwenzake. Mchoraji wa tatu alikuwa mwalimu wetu wa fizikia wa shule ya sekondari, aliyestaafu, ambaye hakuwahi kusoma fizikia ya anga. Tulimpa ukurasa mmoja wa maelezo na rundo la karatasi.

Upande wa usiku, wakati wa shughuli ya wastani, tulikubaliana karibu kila mara. Palipokuwa na ukuta, sote tuliuona ukuta. Lakini katika karatasi kadhaa Mwalimu hakuchora chochote.

“Mwalimu, mbona hizi hujazitia alama?” nilimuuliza.

“Hizo hazina mpaka. Mnanitaka nichore kitu ambacho karatasi haikionyeshi.”

Tulizirudia karatasi hizo moja moja, na katika nyingi alikuwa na haki. Kwenye baadhi, chembe zilififia polepole kwa zaidi ya nyuzi mbili za latitudo, bila mahali pa kukatika. Nyingine zilikuwa za kizio cha kusini, ambako ncha ya sumaku iko mbali zaidi na ncha ya kijiografia, na setilaiti isiyofika zaidi ya takriban nyuzi 81 kusini hupapasa tu ukingo wa duara la aurora na kugeuka kabla haijaingia eneo la wazi. Programu yetu, kwa kuwa iliagizwa kutoa jibu, ilikuwa imetoa jibu katika kila moja ya mapito hayo. Tangu leo “hakuna mpaka” ni jibu halali lenye safu yake kwenye faili la matokeo, na badiliko hilo limeboresha matokeo kuliko marekebisho yote ya kizingiti.

Jambo la pili lililozuka mezani ni kwamba mwenzangu alikuwa akichora kwa kufuata ioni, mimi kwa kufuata elektroni, na mistari yake mara nyingi ilikuwa upande wa ikweta wa mistari yangu. Tofauti hiyo ina sababu. Chukua mstari unaofungwa mkiani, umbali wa nusu vipenyo 40 vya dunia, ambao ni kama kilomita 255,000. Elektroni ya kiloelektroni-volti 1 huenda karibu kilomita 19,000 kwa sekunde na kufika ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chaji, ndani ya robo dakika. Protoni ya nishati hiyohiyo huenda karibu kilomita 440 kwa sekunde na huhitaji kama dakika 10. Katika dakika hizo mstari wenyewe unasogea kuelekea ikweta; kwa mwendo wa mita 500 kwa sekunde utakuwa umesogea karibu kilomita 290, zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Kwa hiyo ukingo wa ioni huonyesha mstari uliokuwa mpakani dakika kadhaa zilizopita na ambao umeshasogea, na wa elektroni uko karibu zaidi na mahali mpaka ulipo. Tumeamua elektroni ziamue upande wa usiku, na ioni zitumike kuthibitisha tu.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: rada

Setilaiti huvuka mpaka sehemu chache tu kwa kila mzunguko. Rada za mtandao wa SuperDARN hutazama eneo pana kwa mfululizo, kwa hiyo tulizigeukia. Alama inayotumika huko ni upana wa spektra ya mwangwi, yaani jinsi kasi zinazopimwa katika mwangwi zinavyotawanyika: kwenye mistari iliyo wazi mwangwi huwa na spektra pana, na mahali upana unapoivuka mita 150 hadi 200 kwa sekunde huchukuliwa kuwa mpaka.

Kusoma faili kwa maktaba ya pyDARN ni rahisi. Kinachosumbua ni kwamba thamani za upana huruka ovyo, na kuuweka mpaka mahali pa kwanza panapovuka kizingiti ni kuiachia kelele iamue. Kulainisha kwa wastani wa kati katika miale ya jirani na katika dakika chache kabla na baada kulitoa mstari unaosomeka. Hata hivyo, kati ya saa 2 na saa 8 za sumaku mpaka wa rada ulikaa mbali na wa chembe, hata baada ya kulainisha. Hili linajulikana kwa waliolinganisha rada na DMSP kabla yetu: katika sekta ile ya alfajiri upana wa spektra hauufuati mpaka wa mistari iliyo wazi, na hakuna kizingiti kitakachoutibu. Tumeifuta sekta hiyo yote kwenye data za rada. Siku ya dhoruba rada zilitupungukia pia, kwa kuwa duara lilishuka latitudo na mwangwi ukatoweka kwenye sehemu kubwa ya eneo tulilolihitaji.

Stima ilipotea katikati ya kuchakata na tukaanza upya. Anayefuata aihifadhi kazi kila baada ya faili moja.

Jumamosi, 17 Mei 2025: mikondo, duara na fluksi

Chanzo cha tatu ni AMPERE, ambacho hutumia vipima-sumaku vya setilaiti za mawasiliano za Iridium, zaidi ya 60, zilizo kwenye kimo cha kilomita 780, kukadiria mikondo ya umeme inayopita kwenye mistari ya ugasumaku. Mikondo hiyo hupangika kwa pete mbili, na mahali pete ya ndani inapokutana na ya nje panaweza kuchorewa duara kwa ncha nzima kila baada ya dakika 2.

Duara hilo linavutia kwa sababu limekamilika, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Makutano ya pete mbili yako ndani ya mistari iliyofungwa, nyuzi kadhaa upande wa ikweta wa mpaka tunaoutafuta. Tulijaribu kuongeza sahihisho moja kwa saa zote, likafaa upande wa usiku na kuharibu mchana. Sahihisho linalobadilika kwa saa ya sumaku, lililokadiriwa kwa mipaka ya DMSP, ndilo linalofaa, na mtu asiyetaka kulitengeneza mwenyewe atalikuta likiwa tayari ndani ya maktaba ya Python iitwayo ocbpy. Sisi tulianza kutengeneza letu, kisha tukalitupa na kulitumia lile. Hakuna sifa katika kuchonga upya kilichokwisha kuchongwa na kukaguliwa.

Kwa nini nyuzi moja itukoseshe usingizi? Kwa sababu mwisho wa kazi ni kiasi cha fluksi iliyo wazi, yaani jumla ya ugasumaku unaopita ndani ya mpaka. Tukichukua uga wa dunia kama wa sumaku ya ncha mbili, wenye nanotesla 30,000 kwenye ikweta, duara la nyuzi 15 kutoka ncha ya sumaku lina gigaweba 0.51. Likiwa la nyuzi 14 ni 0.45, na la nyuzi 16 ni 0.58. Kosa la nyuzi moja kwa hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya jibu, na sahihisho la AMPERE lina ukubwa wa nyuzi kadhaa. Isitoshe, duara halikai katikati ya ncha ya sumaku. Huegemea upande wa usiku, na anayelilazimisha likae katikati hupata mpaka unaozidi upande mmoja na kupungua upande wa pili.

Dhoruba ya 17 Machi ilianza kwa mshtuko wa upepo wa jua uliofika karibu saa 04:45 za ulimwengu. Kwenye mchoro wetu eneo la wazi linapanuka baadaye, uga wa upepo wa jua ukishageukia kusini, na mipaka ya setilaiti inalifuata duara la AMPERE kuelekea ikweta. Wakati wa upanuzi wa kasi, hata hivyo, duara huchelewa, maana kila picha ya AMPERE hujumlisha vipimo vya dakika 10. Tumeuacha ucheleweshaji huo uonekane badala ya kuulainisha.

Jumamosi, 14 Juni 2025: faili la matokeo

Kila mstari wa faili ni pito moja la setilaiti juu ya ncha moja. Lina wakati wa ulimwengu ukiwa na kanda yake, latitudo na saa ya sumaku ya mpaka, chembe iliyoamua, na daraja la uhakika. Daraja la kwanza hupewa mpaka wa chembe unaoungwa mkono na chanzo kingine angalau kimoja, rada au mikondo, ndani ya nyuzi mbili. La pili ni chembe peke yake zikiwa na ukuta ulio wazi. La tatu ni “hakuna mpaka”, na sababu huandikwa mbele yake: kufifia polepole, tao la ncha, protoni za jua, au setilaiti kutoingia eneo la wazi. Fluksi hukokotolewa kwa daraja la kwanza na la pili pekee, na huandikwa kama masafa kati ya thamani ya chini na ya juu.

Anayetaka kuanza aanze na F17 katika kizio cha kaskazini, siku tulivu, akichora kwa mkono kabla ya kugusa kizingiti. Mapito ya kusini yamo kwenye faili lakini mengi ni ya daraja la tatu, na yatabaki hivyo hadi tuongeze data za setilaiti zinazokaribia ncha zaidi, kama zile tatu za Swarm, ambazo hazina kipimo cha chembe za aina ya SSJ lakini hupima ugasumaku wenyewe. Nafasi iliyobaki kwenye diski inazitosha data hizo.